Mto Jukskei na Bustani ya Kumbukumbu: Johannesburg Inatufundisha Nini



Miji mingi tunayoijua sisi ilizaliwa kando ya maji. Maskati na Matrah zimekaa juu ya bandari zao, Dubai imekua pande mbili za khori yake, Mji Mkongwe wa Unguja umeielekea bahari, na Mombasa yenyewe ni kisiwa. Johannesburg haina hata kimoja katika hivyo. Haina bahari, haina ziwa, wala haina mto wa kupita chombo. Ilizaliwa mwaka 1886 kwa sababu moja tu, nayo ni dhahabu, juu ya nyanda zenye kimo cha mita 1,700 na zaidi kutoka usawa wa bahari. Basi mtu akisikia kwamba huko nako kuna wazo la kutengeneza bustani ya kumbukumbu kandokando ya mto, la kwanza atakalouliza ni hili: mto gani?

Mto upo, na jina lake ni Jukskei. Makala haya yanaeleza mto huo unapita wapi, ni mahala gani pa historia unapopaunganisha, kwa nini wazo la bustani ni zuri, na kwa nini ni zito kuliko linavyoonekana kwenye ramani. Nasema zito kwa sababu kingo za mto huo haziko tupu. Wapo watu wanaoishi juu yake, na historia ya Johannesburg ni historia ya watu kuhamishwa kwa jina la usafi na maendeleo. Bustani ya kuwakumbuka waliohamishwa ikijengwa kwa kuhamisha wengine, itakuwa imejivunjia heshima kabla ya kufunguliwa.

MJI ULIOKAA JUU YA MGONGO WA MAJI

Safu ya vilima iliyobeba Johannesburg inaitwa Witwatersrand, maana yake ukingo wa maji meupe. Safu hii ni kama paa la nyumba. Mvua ikinyesha juu yake, maji hugawanyika pande mbili. Yanayoshuka kaskazini huingia Jukskei, kisha mto Crocodile, kisha Limpopo, na mwisho humwagika katika Bahari ya Hindi kwenye pwani ya Msumbiji. Yanayoshuka kusini huingia mto Klip, kisha Vaal, kisha Orange, na huishia Bahari ya Atlantiki. Matone mawili yaliyoanguka mtaa mmoja yanaweza kuishia bahari mbili tofauti, na moja wapo ni ile ile iliyowabeba wazee wetu na majahazi yao.

Jukskei huanzia chini ya mji wenyewe. Chemchemi zake ziko upande wa Doornfontein na uwanja wa Ellis Park, lakini hazionekani, kwani zamani zilifunikwa na kutiwa ndani ya mifereji ya zege ili majumba na barabara zipite juu. Mto hutoka kwenye mwanga wa jua katika mitaa ya Bertrams na Lorentzville, tena kwa unyonge, ukipita kwenye mtaro. Kutoka hapo huelekea Bezuidenhout Valley, Bruma na Edenvale, hufika Alexandra, kisha huendelea kaskazini mpaka mashamba na mitaa ya kitajiri.

Wenzetu wa Kongo ya Mashariki na wa Tanzania wanaoishi Yeoville wako jirani kabisa na chimbuko hilo. Ukishuka kutoka soko la Yeoville kuelekea Bertrams, si ajabu kusikia Kiswahili njiani. Kwa hiyo mto huu si habari ya watu wa mbali tu.

SHANGA NA UZI WAKE

Bustani ya kumbukumbu ya kando ya mto ni kitu gani hasa? Tuchukue mfano wa shanga. Kila mahala pa historia ni shanga moja. Zikiachwa mbalimbali, mgeni huletwa na basi, hupiga picha, huondoka, na wenyeji hawapati kitu. Mto ukitumiwa kama uzi, mtu hutembea kwa miguu kutoka shanga moja hadi nyingine, anapumzika chini ya mti, ananunua chai, anasoma kibao, anauliza mwenyeji. Vitu vinavyotakiwa si vya ajabu: njia ya miguu, vivuko, miti, taa, vyoo, vibao vya maelezo, walinzi, na zaidi ya yote maji ambayo mtu anaweza kuyakaribia bila kuziba pua.

Na shanga zenyewe zipo. Nitataja chache.

Ya kwanza ni Constitution Hill, kilima kisicho mbali na chimbuko la mto. Hapo Serikali ya Paul Kruger ilijenga gereza mwaka 1893, kisha ikalizungushia ngome. Gandhi alifungwa hapo, na Mandela vilevile, pamoja na maelfu ya watu ambao kosa lao lilikuwa kukutwa bila pasi. Gereza lilifungwa mwaka 1983, na mwaka 2004 Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ilihamia kwenye kiwanja hicho, katika jengo ambalo baadhi ya matofali yake yalitolewa kwenye sehemu ya mahabusu iliyobomolewa. Ni nadra kuona nchi ikichukua tofali la jela na kulifanya ukuta wa haki.

Ya pili ni Ellis Park, ambako tarehe 24 Juni 1995 Mandela aliingia uwanjani amevaa fulana ya timu ya raga ya Springbok, fulana ambayo Waafrika wengi waliiona kuwa ya wakandamizaji wao. Chini kidogo ya hapo ni Victoria Yards huko Lorentzville, majengo ya zamani ya viwanda yaliyogeuzwa karakana za mafundi na wasanii. Kundi liitwalo Water for the Future limefanya kazi hapo ya kusafisha sehemu ile mto unapotoka chini ya ardhi.

Ya tatu ni Modderfontein, kwenye kijito kinachoingia Jukskei. Mwaka 1896 kilifunguliwa hapo kiwanda cha baruti kwa ajili ya migodi. Bila baruti hakuna dhahabu, na bila dhahabu hakuna Johannesburg.

Ya nne, na kwangu mimi ndiyo kubwa kuliko zote, ni Alexandra.

ALEXANDRA, MAILI MOJA YA MRABA

Alexandra ilianzishwa mwaka 1912 na mwenye shamba aitwaye Papenfus. Mwaka uliofuata, 1913, ilitungwa Sheria ya Ardhi ya Wenyeji iliyowazuia Waafrika kununua ardhi katika sehemu kubwa ya nchi. Kwa kuwa Alexandra ilitangulia sheria hiyo kwa mwaka mmoja, ikawa moja ya sehemu chache sana mjini ambako Mwafrika aliweza kumiliki kiwanja kwa hati yake mwenyewe. Eneo la asili lilikuwa kiasi cha maili moja ya mraba. Sensa ya 2011 ilihesabu hapo takriban watu 180,000.

Mandela alipofika Johannesburg mwaka 1941 akiwa kijana asiye na kitu, alipanga chumba huko, mtaa wa Seventh Avenue. Hapakuwa na umeme, na watu wakaupa mtaa wao jina la Mji wa Giza. Uani kwake pamehifadhiwa, na upande wa pili wa barabara pamejengwa kituo cha kumbukumbu kilichosanifiwa na Peter Rich, ingawa ujenzi wake ulikwenda kwa kusuasua miaka mingi.

Alexandra ina jambo jingine ambalo mimi ningeliweka kwenye kibao cha kwanza cha bustani. Mwezi Januari 1957 kampuni ya mabasi iliongeza nauli kwa peni moja, kutoka peni nne hadi tano. Wakaazi wakakataa kupanda. Kwa miezi kadhaa maelfu ya watu walitembea kwa miguu kwenda kazini mjini na kurudi, kiasi cha kilomita 15 kila safari, mvua na jua, na serikali ilishindwa kuwavunja. Peni moja ni kitu kidogo kwa mwenye nacho. Kwa mpishi na mfua nguo ilikuwa ni mkate.

Miaka ya 1960 serikali ya ubaguzi ilitaka kuifuta Alexandra isiwe tena mahala pa familia, ibaki mabweni tu ya wanaume na wanawake wasio na wenzao. Baadhi ya mabweni hayo yalijengwa na mpaka leo yanaonekana. Wakaazi walipambana, na mwaka 1979 mpango huo ukaachwa. Kwa maneno mengine, Alexandra ipo kwa sababu watu wake walikataa kuhama.

HISTORIA YA KUHAMISHWA

Hapa ndipo penye uzito wa jambo lenyewe, na yafaa tulitazame kwa utulivu.

Mwezi Machi 1904 tauni ya mapafu ilizuka katika mtaa wa Wahindi na watu wengine maskini, karibu na palipo Newtown leo. Gandhi, ambaye wakati huo alikuwa wakili mjini hapo, alikuwa miongoni mwa waliowauguza wagonjwa. Baraza la mji liliwahamisha wakaazi wote na kuutia moto mtaa. Watu walipelekwa Klipspruit, mbali kusini magharibi, karibu na shamba la kumwagia majitaka ya mji. Sababu iliyotolewa ilikuwa usafi. Kutokana na kambi ile ndipo ilipoanza sehemu ya kwanza ya mji ambao baadaye uliitwa Soweto.

Mwezi Februari 1955 ikaja zamu ya Sophiatown. Malori na polisi waliwabeba wakaazi hadi Meadowlands, nyumba zikabomolewa, na mahala pale pakapewa jina la Triomf, yaani ushindi. Jina la Sophiatown lilirudishwa mwaka 2006, lakini majina ni mepesi kurudisha kuliko majirani.

Nasi tuna ndugu zetu katika historia hiyo. Kuanzia mwaka 1873 manowari za Kiingereza zilikamata majahazi ya watumwa katika bahari yetu na kuwashusha baadhi ya waliookolewa huko Durban. Wengi walikuwa Wamakua kutoka kaskazini ya Msumbiji, lakini walijulikana kwa jina la Wazanzibari. Walikaa King's Rest, kwenye kilima cha Bluff, kizazi baada ya kizazi, na msikiti wao na makaburi yao. Miaka ya 1960 serikali ya ubaguzi iliwaandika kuwa ni "Waasia wengineo" na kuwahamishia Chatsworth. Mtu aliyeokolewa utumwani, wajukuu zake wakaja kung'olewa kwa kalamu ya afisa.

Mimi niliyefanya kazi ya ukarani najua kwamba watu hawahamishwi na tingatinga. Tingatinga huja mwisho. Wanahamishwa kwanza kwenye karatasi, pale wanapoandikwa kuwa "wavamizi", au "hatari kwa afya", au pale wanapokosa kuandikwa kabisa.

LAKINI MTO NAO UNAUA

Ingekuwa rahisi kumaliza hapo na kusema: waacheni watu wakae. Lakini haki inataka tuseme na upande wa pili.

Kwenye kingo za Jukskei, khasa sehemu iitwayo Setjwetla, vibanda vya mabati vimefika karibu na maji kabisa. Watu hawakukaa hapo kwa ujinga. Sandton, penye mabenki na mahoteli makubwa, iko umbali wa kilomita chache tu. Mwenye kazi ya kufagia au kulinda huko hawezi kulipa kodi ya nyumba ya karibu, wala hamudu nauli ya mbali kila siku. Ukingo wa mto ndio kiwanja alichobakishiwa.

Na mto huu hupanda ghafla. Sababu yake ni rahisi kuielewa. Ardhi yenye majani hunywa mvua na kuiachia polepole. Mabati, lami na sakafu za zege hazinywi kitu. Mvua kubwa ya jioni juu ya mji huingia kwenye mitaro yote kwa wakati mmoja, na muda mfupi baadaye yaliyo chini hupata maji ya watu milioni. Mwezi Novemba 2016 mafuriko yalibeba vibanda Alexandra. Tarehe 3 Desemba 2022 kundi la waumini waliokuwa kwenye ibada ya ubatizo mtoni lilisombwa na maji, na watu wasiopungua 14 walikufa. Mvua ilikuwa imenyesha juu zaidi, na maji yaliwafikia kwa ghafla.

Wasomaji wetu wa Oman hawahitaji kuelezwa hili. Wadi huwa kavu mwaka mzima, watoto wanacheza mpira ndani yake, kisha siku moja inashuka na kubeba gari na dereva wake. Tuliona Gonu mwaka 2007, tukaona Shaheen mwaka 2021, na Aprili 2024 tukalia kwa ajili ya watoto wa skuli. Wazee wa Oman walijua kwamba wadi ina haki yake ya njia hata ikiwa haijapita miaka 20.

Sheria ya Afrika Kusini inasema karibu na hayo. Sheria ya Maji ya mwaka 1998 inataka kila ramani ya mtaa mpya ionyeshe kimo ambacho mafuriko hufika kwa wastani wa mara moja katika miaka 100. Ardhi iliyo ndani ya mstari huo ndiyo inayofaa kuwa bustani: miti, majani, viwanja vya mpira, na ardhi oevu inayonywa maji na kuyachuja. Siku ya mafuriko bustani hulowa, na kesho yake hukauka. Nyumba haiwezi hivyo. Kwa hiyo anayesema bustani ya mtoni ni anasa ya watalii hakulitazama jambo lote. Ikifanywa sawasawa, ni kinga ya roho za watu.

Basi tuna haki mbili zinazogombana. Mto unataka kingo zake, na watu wanataka mahala pa kuishi karibu na kazi. Bustani imesimama katikati.

YALIYOKWISHA JARIBIWA

Mwaka 2000 mafuriko yaliwaacha watu wa Alexandra bila makaazi. Serikali ilitaka kuwajengea kambi ya muda kwenye ardhi yake ya gereza la Leeuwkop. Wenye majumba wa Kyalami Ridge, jirani na hapo, walikwenda mahakamani kupinga. Shauri lilifika Mahakama ya Katiba, na Mei 2001 mahakama iliamua kwamba serikali inayo haki, bali ni wajibu wake, kuwasaidia waliopatwa na maafa. Hukumu hiyo husomwa mpaka leo.

Lakini mwaka huo huo wa 2001, kwa hofu ya kipindupindu katika maji ya Jukskei, maelfu ya familia ziliondolewa kwenye kingo za mto na kupelekwa Diepsloot na Bram Fischerville, mbali na kazi zao na skuli za watoto wao. Ulikuwa pia mwaka ambao Mradi wa Kuihuisha Alexandra ulitangazwa, wenye rand bilioni 1.3. Miaka 18 baadaye, mwezi Aprili 2019, wakaazi waliingia barabarani wakiuliza fedha zilifanya nini, na Tume ya Haki za Binadamu pamoja na Mlinzi wa Umma wakafanya uchunguzi wa pamoja. Kingo za mto, wakati huo, zilikuwa zimejaa tena.

Sisi wa Afrika Mashariki tunalijua jambo hili. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011, watu wa bonde la Msimbazi jijini Dar es Salaam walipelekwa Mabwepande, mbali nje ya mji, na wako waliorudi walikotoka. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mradi mkubwa wa bonde hilo hilo, wenye thamani ya dola milioni 200, ukiwa na bustani ya mji pale Jangwani. Nairobi nako, mafuriko ya mwaka 2024 yalifuatwa na bomoabomoa kando ya mito, Mathare na Mukuru. Kila mahala swali ni lile lile: ukimtoa mtu kwenye maji, unampeleka wapi, na atafikaje kazini?

Somo la pili linatoka Kliptown, upande wa kusini wa Johannesburg, karibu na kijito cha Klipspruit. Tarehe 26 Juni 1955 wajumbe wapatao 3,000 walikutana hapo kwenye uwanja wa vumbi na kupitisha Hati ya Uhuru, ambayo maneno yake yaliingia baadaye katika roho ya katiba ya nchi. Katika kuadhimisha miaka 50, Juni 2005, ulifunguliwa Uwanja wa Walter Sisulu, majengo makubwa ya zege na nguzo. Ng'ambo ya reli, wakaazi waliendelea kuishi katika vibanda bila vyoo vya maana. Ghasia za Julai 2021 zilipotokea, uwanja uliporwa, na baada ya hapo vikang'olewa nyaya, mabati na milango. Sisemi uporaji ni haki. Nasema kumbukumbu ambayo jirani yake haikumpa maji wala kazi haina mlinzi.

Na tusicheke cha mwenzetu. Bustani ya Forodhani, Unguja, ilitengenezwa vizuri na Wakfu wa Aga Khan na kufunguliwa upya mwaka 2009. Hatua chache kutoka hapo, tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya Beit al Ajaib iliporomoka na kuua watu, tena wakati ikitengenezwa. Kumbukumbu haitaki fedha ya uzinduzi tu. Inataka fedha ndogo ya kila mwezi, isiyokatika.

MPANGILIO WA KAZI

Kwa hiyo, kama bustani ya Jukskei itajengwa kipande kwa kipande, jambo kubwa ni mpangilio: kipi kitangulie.

Kwanza ni maji ya juu. Uchafu wa Jukskei hauanzi Alexandra. Chemba za majitaka huziba na kufurika mjini kwenyewe, na taka huletwa na mitaro ya mvua. Bruma ni ushahidi. Miaka ya 1980 lilichimbwa hapo ziwa la kupendeza kwa ajili ya maduka na mikahawa, likageuka tope lenye harufu mbaya, na katikati ya miaka ya 2010 jiji likalazimika kulikausha na kuurudishia mto njia yake. Chini zaidi, uchafu huu huishia bwawa la Hartbeespoort, lililokamilika mwaka 1923 na ambalo kwa miaka limehangaika na gugu maji, adui yule yule wa Ziwa Victoria. Anayepanda maua Alexandra kabla ya kuzibua chemba za Doornfontein anafuta sakafu na bomba linavuja.

Pili ni watu, kwa majina. Katiba ya Afrika Kusini, kifungu cha 26, inakataza kumtoa mtu nyumbani kwake bila amri ya mahakama iliyozingatia hali zote. Kila kaya iliyo ndani ya mstari wa mafuriko iandikwe kwa jina, na mbele ya jina iandikwe nyumba yake mpya iko wapi. Iwe karibu, hata kama ni ya ghorofa kwa sababu ya uhaba wa ardhi. Orodha ibandikwe hadharani ili kila mtu aisome, maana orodha iliyofungiwa kwenye kabati huzaa majina ya watu wasiokuwepo.

Tatu ni kazi. Walinzi, wazoa taka, waongozaji wageni na wapanda miti watoke mitaa ile ile. Barabara ya Vilakazi, Soweto, ilipata uhai kwa sababu wenye nyumba walifungua mikahawa milangoni mwao, na mgeni akija kuona nyumba ya Mandela huacha fedha kwa jirani.

Nne ndipo zije njia, vivuko na vibao. Hapa iko sheria nzuri: Sheria ya Urithi ya mwaka 1999 inalinda kila jengo lenye zaidi ya miaka 60, lisiguswe bila kibali. Lakini sheria hulinda kuta. Anayetembea peni moja kwa peni moja kama walivyofanya watu wa 1957 hana ukuta. Alama yake ni njia yenyewe. Njia ya miguu kando ya mto ndiyo inayomfaa, na kibao chake kiandikwe kwa lugha za wanaoishi hapo.

Tano ni usawa kati ya juu na chini ya mto. Jukskei ukishavuka Alexandra hupita kwenye mitaa ya fahari yenye kuta na mageti, kama Dainfern na Steyn City, ambako ukingo wa mto ni mahala pa kutembelea na kupanda baiskeli kwa wenye nyumba. Basi wazo la bustani ya mto si geni Johannesburg. Lipo tayari kwa walionacho, tena juu ya maji yale yale. Linalodaiwa ni kwamba mtoto wa Setjwetla naye apate ukingo salama wa kutembea, bila kulipishwa kwa kupoteza mahala pa kulala.

Kwetu sisi tulio mbali, habari hii inafaa kwa sababu katika nchi zetu miradi ya namna hii inaongezeka, kutoka Msimbazi hadi mito ya Nairobi. Tukialikwa kuisifu, tuombe kwanza kuona majalada mawili: la matengenezo ya kila mwaka na la majina ya waliokuwepo. Likiwa la kwanza ni jembamba na la pili halipo, tujue kwamba tumeonyeshwa picha ya bustani, si bustani.